Nimeshona shanta, turubai na blanketi la kuwindia mwenyewe: vitambaa nimevipima kwa mizani na kwa sikio

Nianze na kilichonifanya niandike hii rivyu. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, upepo unanipiga usoni vizuri kabisa, dume la swala liko kama mita 80 hivi linakula halina habari na mtu, nikataka kulivuta shanta langu mbele niegeshee bunduki juu yake. Nikavuta taratibu mno, kitambaa kikasugua jani moja kavu. Jani moja tu jamani. Kraaa! Kichwa juu, masikio yote mbele, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi zilikuwa zimebaki nyasi zinazotikisika basi.

Lile shanta nilikuwa nimelishona mwenyewe, wiki tatu za usiku baada ya kazi, gramu 780 likiwa tupu, maji hayaingii, nimelipenda mpaka kila anayekuja kwangu lazima alibebe kwanza. Kitambaa chake ni laminati, yaani ile ya tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, ukoo mmoja na vitambaa vya matanga ya mashua za mashindano. Mizani ilikisifu, mvua ikathibitisha, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwindaji akishika kitambaa akipeleke sikioni kwanza. Tangu siku ile nimeshona turubai mbili, shanta la pili, mfuko wa darubini na blanketi, na hakuna kitambaa kinachopita chini ya sindano yangu kabla sijakisikiliza. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu anayebeba mzigo mgongoni kwa siku kadhaa na pia anataka kumkaribia mnyama. Kama wewe ni wa kutembea tu milimani bila kuwinda, mengi yatakufaa bado, lakini alama zangu zitatofautiana na zako.

Kwanza namba kidogo, maana vitambaa hivi vinauzwa kwa namba na namba zenyewe zinachanganya. Denier ni uzito wa uzi: chukua uzi mmoja wa urefu wa mita 9,000, uupime, gramu utakazopata ndo denier. Uzi wa denier 30 una gramu 30 kwa urefu wote huo, uzi wa denier 500 una nusu kilo. Sasa watu wengi wanadhani denier ndo uzito wa kitambaa, hapana, kitambaa cha denier 30 kikipakwa silikoni nyingi kinaweza kuwa kizito kuliko cha denier 40 kilichopakwa kidogo. Mimi nakata kipande cha sentimita 50 kwa 50, naweka kwenye mizani, nazidisha kwa 4, napata gramu kwa mita ya mraba. Usiamini lebo, pima. Na kwa sikio nafanya hivi: nasugua kipande karibu na sikio, halafu nampa mwenzangu akae hatua 20 nyuma yangu akisugue na kijiti kikavu mimi nimefumba macho. Nafanya alfajiri, kwa sababu mbili. Upepo haujaamka kwa hiyo kila kitu kinasikika, na baridi inakaza kitambaa, hasa kilichopakwa plastiki, kinakuwa kigumu na kelele zinaongezeka. Kitambaa kilichokaa kimya mchana sebuleni kinaweza kukugeuka saa kumi na moja asubuhi. Na ukumbuke sikio letu linaishia kama hertz 20,000 huko juu, jamii ya kulungu wanasikia kupita hapo, kwa hiyo ule mchakacho mwembamba ambao wewe unauona ni mdogo, kwao sio mdogo.

Silinailoni sasa. Hii ndo nimeishona zaidi kuliko zote na ndo naipenda zaidi kuliko zote, pamoja na matatizo yake ambayo ni mengi. Ni nailoni ya ripstopu, ile yenye vimraba vidogo vya uzi mnene vinavyozuia mchaniko usiendelee, halafu imeloweshwa silikoni pande zote mbili. Ukiishika kwa mara ya kwanza utasema ni kitambaa cha mwavuli kilichopakwa mafuta. Ninayotumia ni ya denier 30, mizani yangu inasema gramu 47 kwa mita ya mraba, na turubai langu la mita 3 kwa 3, vipande viwili vilivyoungana katikati, na riboni za kufungia kamba, na silikoni ya kuziba mishono, limefika gramu 480. Linalaza watu wawili na mizigo yao yote kavu. Ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa koti.

Kulishona ndo kazi. Inateleza kama sabuni iliyolowa. Unalaza vipande viwili sakafuni vimelingana vizuri, unageuka kuchukua mkasi, ukirudi kimoja kimehama. Pini usiweke, kila pini ni tundu na kila tundu ni tone la maji usiku, mimi natumia vibanio vya karatasi, vile vyeusi vya ofisini, viwekwe kila sentimita 15. Gundi ya fimbo haishiki kwenye silikoni kwa hiyo usijisumbue. Mshono mrefu wa mita 3 ndo unaotesa, kwa sababu meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini na mguu wa cherehani unakizuia cha juu, ukifika mwisho kimoja kimezidi kingine sentimita 4 na huwezi kukirudisha. Nilifumua turubai la kwanza mara mbili kwa ajili ya hilo tu. Dawa niliyoipata ni kushika kitambaa mbele ya sindano kwa mkono mmoja na nyuma ya sindano kwa mkono mwingine, kukivuta kikakazika, halafu unakwenda nacho pamoja bila kusukuma wala kuzuia, yaani mikono miwili ndo inalingana na meno yanatembea tu. Na kabla ya mshono wenyewe napitisha mshono wa kushikiza, hatua ndefu milimita 5, karibu kabisa na ukingo mahali patakapofichwa ndani. Ukishashikiza hivyo silinailoni inatulia.

Mshono wa katikati ufanye ule wa jinzi, yaani unaunganisha, unakunja, ukingo mmoja unaufunika mwingine, unapiga mistari miwili. Hapo kitambaa kinashikana chenyewe na maji yanatelezea juu. Sindano namba 11 au 12, mpya, kali, na uibadilishe mapema kwa sababu nailoni inaimaliza kuliko pamba. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza ukilowa mara kwa mara. Hatua ya mshono milimita 3. Hapa nawasihi sana, kuna ile imani kwamba mshono wa karibukaribu ndo imara, na kwenye shati huenda ni kweli, ila kwenye kitambaa chembamba hivi ukishona milimita 1.5 umekitoboa kama stempu, siku upepo ukivuta kitachanika hapohapo kwenye mstari.

Kuziba mishono: silikoni inashika silikoni tu. Zile dawa za kuziba za poliurethani, ambazo ni nzuri kwenye mahema ya kawaida, hapa zinabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Nachukua silikoni angavu ya kuzibia madirisha, naichanganya na spiriti nyeupe ya kupunguzia rangi mpaka iwe nyepesi ya kupakika kwa brashi, nje kwenye hewa na mbali na moto, napaka mishono yote upande wa nje, naacha masaa 24. Baada ya hapo nanyunyizia poda kidogo, la sivyo ukilikunja linashikana lenyewe na utalibandua kwa hasira.

Aibu kubwa ya silinailoni ni kulegea ikilowa. Nailoni inanywa maji, kwenye hewa ya kawaida tu inabeba kama asilimia 4 ya uzito wake, wakati poliesta inabeba kama asilimia 0.4. Ikinywa inarefuka, turubai ulilolikaza jioni likawa kama ngoma, saa sita usiku linaning'inia na kukugusa uso. Sina njia ya kuizuia, ila nimeizoea: nakaza jioni, nakaza tena kabla ya kulala, na pembe zote nne nimefunga kipande cha kamba ya mpira kati ya turubai na kamba yenyewe, kitambaa kikirefuka mpira unajivuta na kulichukua hilo pengo. Kingine kilichosaidia sana ni kukata kingo kwa mkunjo badala ya mstari ulionyooka. Gonga misumari miwili ukutani umbali wa kingo yako, tundika mnyororo mwembamba uning'inie katikati, weka karatasi ngumu nyuma yake, chora. Huo mkunjo wa mnyororo ndo unaotaka. Kwa mita 3 nimeshusha sentimita 12. Turubai lililokatwa hivyo likikazwa linakazika lote, kingo hazipigipigi, na kwa mtu anayelala mahali anapotaka kuwinda asubuhi, turubai lisilopigapiga ni jambo kubwa.

Na sauti yake? Hapa ndo iliponishinda moyo. Silinailoni inanong'ona. Ukiisugua sikioni ni kama hariri, ile silikoni inafanya nyuzi zisikwaruzane, na alfajiri ya baridi inabaki vilevile. Mwenzangu alisugua hatua 20 nyuma yangu nikamuuliza ameanza au bado. Naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimeipunguza kwa ajili ya kulegea.

Silipoli ni ndugu yake, poliesta iliyopakwa silikoni, turubai langu la pili ni la hiyo. Hailegei ikilowa kiasi cha kukusumbua, jua haliiumizi haraka kama nailoni, kuishona ni rahisi kidogo kwa sababu haivutiki sana. Kwa uzito uleule nailoni ni imara zaidi kwa kuchanika na kusuguliwa, hilo likubali. Sauti kavu kidogo, sio mbaya. Kama unaanza kushona leo na unachotaka ni turubai tu, anza na hii, utafumua mara chache. 8.

Kuhusu kile kitambaa cha nyuzi za Dyneema, yaani nyuzi za plastiki imara sana, zilizolazwa kati ya ngozi mbili za plastiki, ambacho watu wote wa mizigo myepesi wanakiota, nitasema machache kwa sababu sikukishona sana, na chenyewe kwa kweli hakishonwi, kinagandishwa kwa tepu, ukikishona matundu ya sindano yanapanuka na hayajifungi. Cha turubai kinakuja kama gramu 17 hadi 18 kwa mita ya mraba, piga hesabu, turubai kama langu kitambaa peke yake kingekuwa gramu 160 badala ya 420. Hakivutiki, hakinywi maji. Pasi usikisogelee nayo, nyuzi zake zinayeyuka karibu nyuzi joto 150 tu. Lakini kwa sikio ni karatasi ya zawadi. Nilikuwa na kipande cha kujaribia, nikakisugua alfajiri, ndege waliokuwa kwenye mti wa karibu waliondoka. Kwa anayetembea tu nadhani ni kitu cha ajabu kabisa, kwa mimi ninayetaka kuamka ndani ya turubai na kutoka bila msitu mzima kujua, hapana.

Tuje kwenye shanta, ambalo ni habari nyingine kabisa. Turubai linabeba upepo, shanta linabeba nyama. Ukifanikiwa kuwinda, begi lililokuwa na kilo 9 asubuhi jioni lina 30 au zaidi, na mfupa wa paja unasukuma kitambaa kutoka ndani huku miiba inakisugua kutoka nje. Ile laminati iliyonikosesha swala kwa kazi hii ilikuwa hodari, sitaki kuidhulumu: tabaka la nje la nailoni, katikati nyuzi za poliesta zilizopita mshazari ili kisivutike, ndani ngozi ya plastiki ya kuzuia maji, na mshono wake ulikaa mzuri sana kwa sababu kitambaa chenyewe ni kigumu kinajishikilia, fundi anayeanza atakifurahia. Shida ni hiyo ngozi ya plastiki. Inakunjika kama bahasha, kila mkunjo unalia, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyolia. Uzito 10, maji 10, ushonaji 9, sikio 2. Nikilipa wastani nitakuwa nawadanganya, kwa sababu ile 2 ndo ilinirudisha nyumbani mikono mitupu.

Shanta la pili nimelishona kwa Cordura ya denier 500, ile nailoni nene ya mabegi. Uzi wake una manyoyamanyoya fulani, sio laini kama nailoni ya kawaida, na nafikiri hapo ndipo siri yake ilipo, ukikisugua kinatoa mkwaruzo mzito wa chini, mfupi, unafanana na sauti ambazo msitu unazitoa wenyewe, hakipigi ile kraa. Ni kizito, pamoja na upako wake wa ndani mizani yangu ilisema gramu 270 kwa mita ya mraba. Shanta lote limefika kilo 1 na gramu 240, yaani nimeongeza gramu 460 juu ya lile la kwanza. Nimezibeba hizo gramu kwa siku nne mfululizo na sikuzikumbuka hata mara moja, na nasema hivyo mimi niliyekuwa nakata mpini wa mswaki ili kupunguza uzito.

Halafu nikafanya kitu ambacho ningependa kila mwindaji anayeshona akijaribu. Sehemu zinazogusana na vichaka, yaani ubavu wote wawili na mfuko wa mbele, nimezivalisha flisi juu, ile flisi ya kawaida ya sweta. Gramu 200 kwa mita ya mraba, nimetumia robo ya mita ya mraba, basi ni gramu 50. Flisi inanyamazisha kila kitu. Kijiti kinapita juu yake kama kinapita juu ya mbwa. Inashika majani na mbegu, inachukua muda kukauka, kwa hiyo usiifunike shanta zima, na uishone kwa ukingo tu ili siku ikichakaa uifumue ubandike nyingine. Lakini pale ubavuni, pale ambapo mkono wako unapita ukitembea na matawi yanapokwaruza, hakuna kitu kingine kinachoikaribia.

Ushonaji wa Cordura: sindano namba 16, kwenye makutano ya mikanda namba 18, uzi mnene zaidi wa poliesta. Natumia cherehani ya zamani ya chuma, ya mshono ulionyooka tu, ya kukanyaga, na kwa kazi hii siibadilishi na ya umeme ya plastiki. Sio kwamba ina nguvu za ajabu. Ni kwa sababu nikifika mahali penye tabaka sita, Cordura mbili na mkanda umekunjwa na riboni, naacha kukanyaga, nashika gurudumu kwa mkono, nashusha sindano tundu moja moja, naisikia inapoingia na inapogoma. Sindano ikigoma usilazimishe, itapinda, ikipinda itagonga bamba, na ikivunjika kipande kinaruka usoni. Vaa miwani, nasema kwa dhati. Kama una cherehani ya umeme angalia tu kama inaweza kushona taratibu tundu kwa tundu, zingine zinaanza kwa mbio. Kingo za Cordura zinafumuka haraka sana, pitisha mshumaa au kiberiti cha gesi kwa mbali ziyeyuke kidogo, au zifunike kwa riboni pande zote, mimi nafanya yote mawili.

Mikanda ya mabegani ndo mahali nilipojifunza kwa uchungu. Kabla ya kulibeba shanta jipya nililitundika darini na mfuko wa mchanga wa kilo 30 ndani, usiku kucha. Asubuhi mkanda wa kulia ulikuwa umeshuka karibu sentimita moja, mishono imefunguka kila tundu limekuwa jicho. Sababu ni ileile ya stempu, nilikuwa nimeogopa nikashona karibukaribu, na nikashona mkanda juu ya kitambaa kimoja tu bila kitu nyuma. Nimefumua, nikaweka nyuma yake kipande cha mkanda mpana kinachokwenda upande hadi upande wa mgongo, mikanda yote ikaingia ndani ya mshono wa jinzi badala ya kukaa juu yake, nikapiga ule mraba wenye msalaba katikati, hatua milimita 3. Nikatundika kilo 40 siku mbili. Haikusogea. Tafadhali tundikeni shanta zenu nyumbani kabla ya kwenda, mkanda ukikatika umbali wa masaa sita kutoka barabarani na nyama iko mgongoni na jua linapanda, hiyo sio habari ya ushonaji tena.

Kuna kitu sitakaa kimya juu yake. Kifuniko cha shanta langu upande wa ndani nimekishona rangi ya machungwa ya kung'aa, ile kali. Nikiwa nakwenda kinakaa ndani hakionekani. Nikirudi nimebeba mnyama mgongoni nakigeuza nje, na pembe nazifunga kitambaa cha rangi hiyohiyo, kwa sababu mtu anayepita vichakani na pembe juu ya kichwa chake, kwa mwindaji mwingine aliye mbali ni mnyama anayepita vichakani. Na usiogope kwamba rangi itawakimbiza wanyama, wanyama wenye kwato wana aina mbili tu za seli za rangi machoni wakati sisi tuna tatu, machungwa kwao yanachanganyika na majani. Wanachokiona vizuri ni bluu. Kwa hiyo kitambaa cha bluu acha dukani hata kama kimebaki hicho tu, na vitu vyako usivifue kwa zile sabuni zinazofanya nguo nyeupe ing'ae, dawa yake inarudisha mwanga wa bluu.

Mfuko wa darubini wa kifuani ni kazi ya jioni mbili, na ni mahali pazuri pa kuanzia kama hujawahi kushona chochote, mabaki ya Cordura nje, flisi ndani kulinda vioo. Usiweke velkro. Najua ni rahisi, najua kila mfuko unaouzwa unayo, lakini fikiria unaitaka darubini wakati gani, unaitaka wakati mnyama yuko karibu, na ndo wakati huo unafungua velkro? Wa kwanza niliuweka sumaku mbili ndogo kwenye ulimi, unafunguka kimya kabisa, nikaona nimemaliza. Mpaka nilipogundua dira yangu, niliyokuwa naiweka mfuko wa shati palepale kifuani, inaonyesha kaskazini ambako jua lilikuwa linazama. Sumaku na dira visikae pamoja hata kidogo. Sasa natumia kitanzi cha mpira na kigingi kidogo cha mbao, kinafunguka kwa kidole gumba, hakina sauti, hakimdanganyi mtu kaskazini. 10 kwa 10 kwa kitanzi na kigingi, vitu viwili vya bure.

Zipu pia, ukiweza kuziepuka ziepuke. Mdomo wa shanta langu ni wa kuviringisha na kubana kwa bizimu za plastiki, na bizimu nazo zina klaki yake ukizifunga, kwa hiyo nazibana zikiwa ndani ya kiganja. Kwa zipu nilizobakiza nimetoa vivutio vya chuma nikafunga vipande vya kamba.

Blanketi nimelimaliza majuzi. Wazo lenyewe nililipata kwa Ray Jardine, yule Mmarekani wa kupanda miamba aliyebuni vile vyuma vya kujifungia kwenye nyufa vinavyoitwa Friends, ambaye baadaye alizishika njia ndefu kwa miguu kama Pacific Crest Trail akiwa na vitu alivyojishonea mwenyewe. Hoja yake ni nyepesi: ukilala ndani ya begi la kulalia, manyoya yaliyo chini yako yamebanwa na mwili, hayana hewa, hayakupi joto, unabeba uzito wa bure. Kata chini, baki na blanketi lenye mahali pa miguu palipofungwa, joto la chini lipatie mkeka. Ndani nimejaza Climashield Apex, ile pamba ya plastiki ya kutunza joto, ya gramu 122 kwa mita ya mraba, nyuzi zake ni ndefu zisizokatika kwa hiyo huhitaji kulipiga mistari ya kushikilia katikati, unashona ukingo tu, na hiyo ni neema kwa sababu kila mstari wa katikati ni mstari wa baridi. Mita 2 kwa 1.3, nailoni nyembamba isiyopakwa kitu pande zote mbili ili jasho lipite, jumla gramu 540. Ushonaji wake ni rahisi kuliko foronya: unapanga tabaka tatu, unashona pande tatu, unageuza, unafunga. Kwa sauti liko karibu na silinailoni, nimelisikiliza.

Kwa joto bado sijalipa alama. Nimelilalia usiku tatu, zote za upole, nikalala vizuri, lakini usiku wa upole hata shuka inatosha. Kuna kilima ninachokijua kinachogandisha umande, nitakwenda nalo huko mwezi ukiwa mdogo, nikirudi nitakuja kuongeza namba hapa.